Pikapu Iliyobaki Juu ya Shimo

Habari za shamba lile nilizipata Mayfair, mtaa wa hapa Johannesburg, kwenye duka la Msomali mmoja nilikokuwa nafanya usafi. Kaka mmoja Mrundi alikuwa analeta spinachi pale kila Jumanne na Ijumaa. Siku moja, akiwa anashusha mafungu, akaniambia, "Dada, mama ninayemfanyia kazi anatafuta mtu wa kufunga mboga. Pana chumba na maji. Mwanao atapata pa kukimbia."

Mwanangu wa kike alikuwa na miaka sita. Amezaliwa Joburg, Kiswahili anakielewa lakini ananijibu kwa Kizulu, na mwaka mzima alikuwa amecheza kwenye korido ya jengo tulilopanga, kwa sababu barabarani nilikuwa namwogopea. Nilikubali kabla kaka hajamaliza kunieleza mshahara.

Jambo ambalo hakuniambia ni kwamba mwenye shamba alikuwa Kaburu. Mimi ni mtoto wa Njombe wa miaka ya themanini. Nilikua nikisikia habari za Makaburu redioni, na shuleni tulisimama mstarini tukiimba nyimbo za ukombozi bila hata kujua Afrika Kusini iko upande gani. Neno lenyewe lilikuwa la kutishia watoto. Kwa hiyo siku tulipofika, mwaka 2016, nikamwona bibi mfupi wa kizungu, miaka sabini na nne, amevaa gauni la maua na buti za mpira, anapakia samadi kwa sepetu peke yake, nilisimama getini nikiwa nimemshika mwanangu mkono na sikuweza kwenda mbele wala kurudi nyuma.

"Mbona umesimama?" akaniuliza kwa Kiingereza. "Sepetu nyingine iko pale."

Samadi ile alikuwa anaipakia kwenye pikapu ambayo nilidhani imetupwa pale ikisubiri watu wa vyuma chakavu. Ilikuwa ya Kimarekani, ya miaka ya hamsini, rangi yake ya kijani imebaki madoa madoa kama ramani. Boneti lake lilikuwa la mviringo, pana kama meza ya watu sita. Madigadi yalikuwa yamevimba kila upande, na chini ya kila mlango palikuwa na ubao wa chuma wa kukanyagia wakati wa kupanda. Ndani kiti kilikuwa kimoja kirefu, hakuna mkanda wa usalama, gia imetokea kwenye usukani. Bampa la nyuma lilishang'oka miaka mingi, na marehemu mume wa yule mama alikuwa ameunganisha badala yake kipande cha reli ya treni, kirefu kuliko upana wa gari lenyewe.

"Inatembea?" nikamuuliza kaka Mrundi kwa Kiswahili.

"Ndiyo inayonileta Mayfair," akasema. "Ulidhani nakuja na nini?"

Kweli sikuwahi kutoka dukani kuangalia.

Wiki za kwanza pale shambani nilikuwa mtu wa kushangaa tu. Shamba lilikuwa kusini magharibi mwa jiji, mwendo wa kama dakika arobaini, lakini hakuna kitu kilichofanana na Joburg niliyoizoea. Tulikuwa wafanyakazi watatu. Wa tatu alikuwa mzee wa Kisotho, tuliyemwita Ntate, yaani baba, kama Wasotho wanavyomwita kila mwanamume wa heshima. Alikuwa amefanya kazi na familia ile miaka arobaini. Trekta lilikuwa limekufa mwaka ukame ulipoanza, likabaki limeota majani, na kazi zake zote zikahamia kwa pikapu. Ililima. Ntate alikuwa amefunga jembe la plau kwa nyororo kwenye ile reli, Mama anaendesha gia ya kwanza, Ntate ameshika plau nyuma, na udongo mwekundu unageuka kama umekatwa na kisu.

Umeme ukikatika, pikapu ilipandishwa jeki gurudumu moja la nyuma, tairi likavuliwa, ukanda mpana wa turubai ukavishwa kwenye ringi na kupelekwa mpaka kwenye pampu ya kisima. Injini inaunguruma, gurudumu linazunguka hewani, maji yanatoka. Mara ya kwanza kuona hilo nilimwita mwanangu aje aone, na yeye akaniangalia mimi, si pampu, kwa sababu nilikuwa nimeshika mdomo kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

Kulikuwa pia na kisiki cha mkaratusi katikati ya sehemu tuliyotaka kupanda kabichi. Jirani, mwanamume kijana mwenye shamba la kuku, alikuja na baki yake mpya, nyeupe, ndefu, yenye redio inayoongea na simu. Baki ndilo jina la pikapu huku. Akafunga mnyororo, akavuta, na bampa lake la mbele likatoka lote na kubaki limening'inia kwenye mnyororo. Alishuka, akalitazama. Mama alileta ile ya kijani, akafunga mnyororo uleule kwenye reli, akavuta kidogo, akaachia, akavuta tena, kama mtu anayembembeleza ng'ombe. Kwenye mvuto wa nane au wa tisa kisiki kikatoka na mizizi yake, kinanuka dawa ya kikohozi. Jirani aliokota bampa lake akaliweka nyuma ya gari na kuondoka.

Mama hakuwa mtu wa kujisifu. Alisema tu, "Hii walitengeneza watu waliokuwa hawajajifunza kubana chuma."

Nilimwita Mama kwa sababu sikujua nimwite nini kingine. Huko kwetu mtu mwenye umri ule huwezi kumwita kwa jina. Mwanzoni alikuwa anageuka kuangalia kama kuna mtu nyuma yake.

Kisha mvua zikaanza. Baada ya ukame ule kila mtu alifurahi, hata mimi, niliyekuwa nalala kwenye chumba kinachovuja. Zilinyesha siku tano, karibu bila kupumzika, kisima kikapanda, bwawa likajaa. Siku ya sita kulipambazuka jua kali. Mama akasema samadi ipelekwe kwenye spinachi kabla ardhi haijakauka. Saa mbili asubuhi tuliondoka zizini, yeye kwenye usukani, mimi kushoto kwake, samadi nyuma imejaa. Mwanangu alikuwa shuleni. Ntate na kaka Mrundi walikuwa mbele yetu, wanafungua mifereji kwenye matuta.

Njia ile tulikuwa tumepita mamia ya mara. Tulikuwa gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayetembea, Mama ananieleza jinsi ya kuhifadhi mbegu za maboga. Sikusikia mlio wa kitu chochote kuvunjika. Nyuma yetu paliondoka tu. Sina namna nyingine ya kusema. Magurudumu ya mbele yalikuwa yameshapita, ya nyuma yakashuka, pua ya gari ikainuka, nikaona mawingu mahali palipokuwa na kabichi, na kisogo changu kikagonga kioo cha nyuma. Halafu mshindo mmoja wa chuma, mzito, ukapanda kwenye uti wa mgongo wangu mpaka kwenye meno. Tukasimama.

Nilidhani tumekwama. Nilifungua mlango niteremke, kama mtu yeyote ambaye gari lake limekwama kwenye tope. Mguu wangu ulikuwa tayari nje. Hapakuwa na chini.

Mama alinishika sweta kwa nyuma akanivuta ndani. Hakupiga kelele. Aliniambia, "Funga mlango. Polepole."

Niliufunga. Kupitia dirishani niliona kuta za udongo mwekundu, zimenyooka kama zimechongwa, zinashuka mpaka kwenye giza. Magurudumu ya mbele yalikuwa yamekanyaga ukingo mmoja. Nyuma, ile reli ya treni ilikuwa imelalia ukingo wa pili, kwa upana wa viganja viwili tu kila upande. Katikati hapakuwa na kitu. Chesisi ya gari lile kuukuu ilikuwa imegeuka daraja, na sisi tumekaa juu ya daraja na shehena ya samadi.

Mama alizima injini. Ndipo nikasikia sauti iliyonifanya nikojoe pale nilipokaa, na naandika hivi bila aibu kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Ilikuwa sauti ya udongo unaomomonyoka kidogo kidogo, kimya kwa muda, halafu mbali sana chini unadondokea majini.

"Wewe una mtoto," akasema Mama. "Toka."

Kuna watu ambao wangesema hapana, tutoke wote, au utangulie wewe mzee. Mimi sikusema neno. Niliteremsha kioo, nikatoa kichwa, mabega, nikajivuta kwa mikono kwenye paa, nikakanyaga ule ubao wa chuma wa pembeni. Chini ya miguu yangu gari halikutikisika hata kidogo. Nilitembea ubavu ubavu mpaka kwenye digadi, nikapanda juu ya boneti kwa tumbo, nikateleza mbele, nikashika bampa, na nilipokanyaga udongo sikusimama. Nilikimbia kama hatua hamsini. Nyuma sikuangalia. Yule mama alikuwa bado ndani, na mimi nilikimbia.

Kaka Mrundi alinidaka. "Dada, nini? Umeumia wapi?" Nilionyesha kwa mkono.

Ntate alikuwa ameshaelewa. Alimzuia kaka asisogee, akalala kifudifudi kwenye tope, akaenda akijivuta huku akipiga ardhi kwa ngumi na kusikiliza, mpaka akafika karibu. Akamwambia kaka alete ngazi ndefu ya kuvunia matunda na kamba ya kufungia ng'ombe. Waliilaza ngazi kutoka kwenye ardhi ngumu mpaka juu ya bampa la mbele. Kaka akajifunga kamba kiunoni, nami nikapewa ncha yake nishike. Nilizungusha kamba kwenye nguzo ya uzio mara tatu na nikaishika kwa mikono miwili.

Mama alikuwa na nyonga moja ya chuma, aliyowekewa hospitalini. Kupita dirishani kwake haikuwa kama kwangu. Kwanza alitupa buti zake nje, moja baada ya nyingine, zikaanguka kwenye majani upande wetu. Halafu ukatoka mkono, kichwa chenye nywele nyeupe, gauni la maua limenasa kwenye kitasa. Alikwama hapo. Nusu ndani, nusu nje, shimo chini yake.

Ntate alizungumza naye kwa Kisotho, taratibu, bila kupandisha sauti. Sikujua kwamba Mama anakijua Kisotho. Na katikati ya maneno yale nikasikia Ntate anamwita kwa jina lake, jina lake tupu, bila cheo mbele yake, kitu ambacho katika miezi yote sikuwahi kusikia akifanya. Kaka Mrundi naye alisikia, akageuka kuniangalia. Mama akajibu neno moja. Akalichana gauni lake mwenyewe kwa mkono wa kulia, akajivuta, akalala juu ya lile boneti pana, na akaanza kutambaa kuelekea kwa Ntate akiwa na sidiria na sketi ya ndani, mama wa miaka sabini na nne. Tulimfunika kwa sweta yangu. Midomo yake ilikuwa imekuwa rangi ya majivu. Kitu cha kwanza alichosema ni, "Samadi imebaki."

Tulikaa chini ya ukuta wa zizi, wote wanne. Kaka alichemsha chai, na hakuna aliyeinywa. Labda ilipita nusu saa. Kisha ukingo wa mbele ukajikata kama kipande cha keki, na pikapu ikatanguliza pua kwenda chini. Mlio wake ulichukua muda kufika.

Watu wa serikali walikuja kesho yake na mashine za kupimia ardhi. Walitueleza kwamba chini ya eneo lile kuna miamba inayoliwa na maji taratibu, kwamba ukame uliacha mapango matupu na mvua ikayafungulia mlango. Mashimo ya namna ile yametokea sehemu nyingi upande huo wa jiji. Walizungushia utepe. Halafu mmoja wao, kijana mpole mwenye kofia ya njano, akaenda mpaka jikoni kwa Mama na kumwambia kwamba nyumba nayo imekaa juu ya utupu, ahame ndani ya wiki moja. Nilikuwa pale naosha vyombo. Sahani iliniponyoka. Nilikuwa nimelala miezi mingi kwenye chumba kile na mwanangu, sakafu ikiwa baridi, nikidhani chini yake kuna dunia.

Gari la kunyanyulia mizigo lilikuja siku ya tatu, likasimama mbali na kurefusha mkono wake. Pikapu ilikuwa imekwama kina cha nyumba ya ghorofa mbili, imebanwa kati ya kuta. Ilipotolewa ilikuwa imevaa tope jekundu zima. Paa lilikuwa limebonyea upande mmoja, vioo vyote vimekwisha, mlango wa upande wangu haupo. Jirani wa kuku alikuja kuangalia, akazunguka mara mbili, akapiga chesisi kwa nyundo, akachungulia chini. "Haijapinda," akasema. Alirudia tena, safari hii kama anajiambia mwenyewe.

Ntate alimwaga mafuta yaliyochanganyika na maji, akasafisha kabureta, akaanika plagi juani juu ya gunia, akaazima betri kwa jirani. Siku moja nzima. Jioni jua likiwa bado lipo alimpa Mama ishara. Mama akaingia, akakanyaga stata. Ikakohoa, ikanyamaza. Akakanyaga tena. Mara ya nne ikaunguruma, moshi mweusi na maji yakatoka nyuma, na ikaendelea kuunguruma.

Kaka Mrundi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikufurahi. Nataka kusema ukweli: niliiogopa. Kitu kilichoanguka kwenye shimo lile kilitakiwa kibaki humo. Nilimchukua mwanangu nikaingia naye ndani, kisha nikakumbuka kilichoko chini ya sakafu, nikatoka naye tena.

Kesho yake Mama alitaka kuisogeza mpaka mlangoni ili tuanze kupakia vyombo. Gari halikwenda. Nilidhani ni gia. Nilipokaribia nikaona mguu wake juu ya klachi unatetemeka, goti linaruka kama la mtu mwenye homa. Alilishika kwa mikono miwili, bado likaruka. Mwanamke aliyetupa buti zake juu ya shimo.

"Siwezi," akasema. Alionekana kushangaa kuliko mimi.

Ntate macho yake yalikuwa na ukungu, alishaacha kuendesha. Kaka alikuwa ameshaondoka na mwanangu kumpeleka Mayfair kwa jamaa zake. Nilikuwa nimeendesha pikapu ile mara tatu tu, shambani, Mama akiwa pembeni ananigombeza. Nilizunguka upande wa kulia, akasogea kushoto, nikapanda. Sijui ni nini kilichonipandisha. Nilikuwa nalia na nimeshika usukani.

Tulihamisha nyumba ile safari tisa, kwenda kwa binti yake upande wa mashariki wa jiji. Kabati, vitanda, mashine ya kushonea, kuku. Kwenye roboti, yaani taa za barabarani, watu walitoa simu kupiga picha gari lisilo na kioo wala mlango mmoja, linaendeshwa na mwanamke mweusi, na bibi wa kizungu ameshika jogoo. Kila barabara niliiona nyembamba, kama karatasi iliyotandikwa juu ya kitu. Nilikuwa naendesha nimebana pumzi.

Katika safari ya mwisho nikamwambia, kwa sababu lilikuwa limenikaa kooni wiki nzima. "Mama, siku ile nilitoka bila kukuangalia. Nilikimbia."

"Nilikuona," akasema.

"Nisamehe."

Alifikiri kidogo, jogoo mapajani. "Ningekuwa na miguu yako," akasema, "ningetoka kabla sijakuambia utoke."

Nilimgeukia kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Nilitaka kucheka nikashindwa, nikataka kukasirika, nikashindwa pia, na roboti ikawa kijani, gari la nyuma likapiga honi.

Pikapu alimpa Ntate. Aliondoka nayo kwenda kwao mpakani na Lesotho, mpwa wake akiendesha, na kaka Mrundi, ambaye bado hupigiana naye simu, anasema inabeba maji na mahindi huko milimani. Mama aliishi kwa binti yake mwaka mmoja na nusu, mpaka alipofariki. Nilikuwa nikienda kumsalimia Jumapili moja moja. Alikuwa amepewa chumba cha chini, akakikataa, akahamishiwa ghorofani. Mimi niko Mayfair, nauza mboga ninazonunua kwa wengine. Mwanangu ananiuliza kwa nini siku hizi, popote tunapofika pageni, nasimama kwanza kabla ya kumruhusu atangulie. Huwa namwambia nasubiri miguu ipumzike.